Msiuwekee Mfraksino Matanga

Kiongozi wa matembezi ya msituni huko Uingereza, akitaka kuwafundisha watu kuujua mfraksino katikati ya majira ya baridi, hatafuti jani, maana majani hayapo. Huinamisha kitawi. Kwenye ncha yake pana chipukizi jeusi kama utambi uliozimwa, na chini yake machipukizi mengine yamekaa mawili mawili, yakitazamana. Ukishaliona chipukizi hilo mara moja hulisahau. Kesho yake ukipanda basi utaanza kuiona mifraksino mahali ambapo jana uliona miti tu: kando ya reli, nyuma ya maghala, kwenye viwanja vya makanisa, kwenye nyufa za kuta zilizoachwa.

Nauita mfraksino kwa kulifuata jina lake la kisayansi, Fraxinus excelsior, kwa kuwa hauoti kwetu na Kiswahili hakikuwa na haja ya kuupa jina. Waingereza huuita ash, neno ambalo kwa bahati tu linafanana na lile la majivu. Waayalandi huuita fuinseog, Wawelisi onnen. Hata hivyo si mgeni kabisa kwetu. Ukoo wake ndio ukoo wa mzaituni, na ndio ukoo wa yasmini, hii hii inayotungwa jioni Lamu na Mombasa na kuchanganywa na mrehani kwenye vikuba. Mfraksino haukurithi harufu ya ndugu yake. Maua yake hayana hata petali; hutoka kama vishada vya zambarau iliyokolea kabla ya majani, na chavuo yake hupeperushwa na upepo. Ipo ya kiume, ipo ya kike, na ipo yenye yote mawili. Mbegu zake huning'inia kwa mafungu mti mzima, na Waingereza huziita funguo kwa jinsi zinavyofanana na funguo za mlinzi wa zamani.

Haya yote utayasikia ukijiunga na matembezi ya kuuenzi mti huu. Huandaliwa na mashirika ya hifadhi, na halmashauri za vijiji, na wakati mwingine na wasanii. Katika vilima vya Kent Downs, kusini-mashariki mwa Uingereza, palifanyika mradi mzima wa kitamaduni juu ya mti huu, na wasanii Ackroyd na Harvey wakasimamisha kazi yao katika bustani ya White Horse Wood, mti uliochomwa maelfu ya mishale iliyochongwa kwa mbao za mfraksino wenyewe. Watu hutembea saa mbili tatu, husimuliwa hadithi za kale, huonyeshwa mpini wa shoka, hunywa chai, hurudi nyumbani.

Nayapenda matembezi haya na ningependa yaongezeke mara kumi. Lakini nina ugomvi nayo. Mengi yamegeuka matanga. Watu huja kumlilia marehemu ambaye bado anapumua, na mtu aliyekwisha kumlilia mgonjwa huwa hana haja tena ya kwenda kumtazama.

Huzuni yenyewe ina sababu, wala siidharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Poland, mifraksino ilianza kukauka kuanzia ncha za matawi kushuka chini. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kumtambua muuaji: kuvu ambaye leo huitwa Hymenoscyphus fraxineus. Kwao ni Asia ya Mashariki, ambako huishi juu ya mifraksino ya Manchuria bila kuleta madhara makubwa, kwa kuwa mti na kuvu wamezoeana kwa vizazi visivyohesabika. Mfraksino wa Ulaya haukuwahi kukutana naye. Mwanzoni mwa 2012 aligunduliwa katika kitalu kimoja cha Buckinghamshire, kwenye miche iliyoagizwa kutoka Uholanzi. Oktoba mwaka huohuo akaonekana katika misitu ya asili ya Norfolk na Suffolk, na mwezi huohuo Ayalandi nayo ikamgundua kwao, huko Leitrim. Serikali ya Uingereza ikapiga marufuku uingizaji wa miche ya mfraksino mwishoni mwa Oktoba 2012. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kuvu alikuwa amekwisha kuingia miaka kadhaa kabla ya hapo. Mlango ulifungwa mgeni akiwa sebuleni.

Jinsi anavyofanya kazi ni jambo ambalo kila kiongozi wa matembezi angepaswa kulionyesha kwa kidole, maana linaonekana kwa macho. Jani la mfraksino ni la vipande vingi, 9 hadi 13, vilivyopangwa kwenye kikonyo kimoja kirefu. Majani yakipukutika, vile vikonyo hubaki ardhini vikiwa vyeusi. Kiangazi kinachofuata, ukipiga magoti na kufunua takataka za majani, utaona juu ya vikonyo hivyo viuyoga vyeupe vyenye upana wa milimita chache tu. Ndivyo hivyo. Kuanzia Juni hadi Septemba huachia vijimbegu visivyoonekana, upepo huvibeba, hutua juu ya jani bichi lenye unyevu, na kuvu huingia kwenye jani, kisha kwenye kikonyo, kisha kwenye tawi, ambako hufunga njia za maji. Tawi hukauka. Mti huchipua upya chini ya sehemu iliyokufa, kuvu hurudi mwaka unaofuata, na hivyo hivyo mpaka nguvu zinaisha. Mche mdogo hufa kwa misimu michache. Mti mkubwa waweza kubishana miaka 10 au zaidi, na mara nyingi huangushwa na kuvu wengine wa mizizi wanaokuja kummalizia mgonjwa.

Mashirika ya misitu ya Uingereza yamekadiria kwamba hadi asilimia 80 ya mifraksino yote nchini humo huenda ikafa. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford walipiga hesabu ya hasara na kufikia pauni bilioni 15 kwa muda wa miaka 100, karibu nusu yake katika miaka 10 ya kwanza. Humo mna gharama ya kukata miti iliyo kando ya barabara na thamani ya kazi ambayo mti hufanya bila malipo: kusafisha hewa, kuzuia maji ya mvua, kuhifadhi kaboni. Zaidi ya spishi 900 za viumbe zinautumia mti huu kwa namna moja au nyingine, na zaidi ya 40 kati yake zinautegemea wenyewe tu. Gome la mfraksino halina asidi kali, kwa hiyo limejaa kuvumwani, vile viumbe vya kijivu na vya manjano vinavyotambaa juu ya miti kama ramani. Nyingi zilikuwa juu ya mielmu, miti mingine mikubwa ya huko. Mielmu zaidi ya milioni 25 ilipouawa na ugonjwa wake katika karne ya 20, zilibaki na mfraksino kama kimbilio.

Kwa hiyo ndiyo, kuna msiba. Lakini ukisikiliza vizuri zile hadithi za kale zinazosimuliwa kwenye matembezi, nyingi hazihusu kuaga. Zinahusu kutazama.

Chukua kisa cha Selborne, kijiji cha Hampshire. Gilbert White, kasisi na mchunguzi wa maumbile, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1789 alieleza safu ya mifraksino iliyokuwa kijijini kwake yenye makovu marefu ubavuni. Zamani miti hiyo, ikiwa bado michanga, ilipasuliwa katikati na kushikiliwa wazi kwa kabari huku watoto wenye ngiri wakipitishwa uchi kwenye upenyo. Kisha mti ulifungwa na kupakwa udongo. Ukiungana, mtoto alitarajiwa kupona. Usipoungana, dawa imeshindwa. Jambo linalonigusa halimo kwenye tiba. Limo katika yaliyofuata: mti ule ulitazamwa kuona kama jeraha linafunga, na iliaminika kwamba mti ukikatwa ngiri itarudi, hata kama mtoto amekwisha kuwa mzee. Mtu mmoja alifungwa na mti mmoja maisha yake yote, akijua ulipo na hali yake.

White huyohuyo anaeleza desturi nyingine, ya mti wa kirukanjia. Waliamini kwamba kirukanjia akimpitia ng'ombe mgongoni, mnyama atapooza. Basi walitoboa shimo kwenye shina la mfraksino, wakamtia kirukanjia hai ndani, wakaziba. Tangu siku hiyo kitawi cha mti ule kikipitishwa juu ya ng'ombe kilikuwa dawa. Ni ukatili, na sitamani urudi. Ila nasi tuliompa mnyama huyu jina la kirukanjia, na kulitumia jina hilo kama tusi, hatuwezi kujifanya kwamba hatuelewi jicho baya walilomtazamia. Na hapo pia, kijiji kizima kilijua mti ni upi. Haukuwa mfraksino wowote.

Ayalandi ya kale ilikuwa na miti mitano mitukufu iliyotajwa katika maandiko yao, na mitatu kati yake ilikuwa mifraksino. Mmoja, Bile Uisnigh, ulisimama Uisneach, mahali palipohesabiwa kuwa kitovu cha nchi. Kaskazini zaidi, maandiko ya kale ya Waaisilandi yanamtaja Yggdrasil, mfraksino unaoushikilia ulimwengu wote. Tai yuko kileleni, joka linatafuna mizizi, kindi anapanda na kushuka akibeba matusi kati yao, na paa wanne wanakula majani. Watu husimuliwa habari hii kwenye matembezi kama kielelezo cha ukuu wa mti. Mimi nasikia kitu kingine. Mti ule unaliwa kila upande tangu mwanzo wa dunia, na kila siku walezi wake huchota maji ya kisimani na udongo mweupe kuyamwagia matawi yasioze. Waliotunga masimulizi haya waliishi na mifraksino na waliujua mti unaoliwa. Wakaupa wauguzi.

Nije kwenye urithi wa mikono, ambao kwangu ndio mzito zaidi. Mbao za mfraksino zina sifa moja iliyozifanya zitafutwe tangu enzi za mikuki: hupigwa na kutikiswa bila kuvunjika, kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na zilizonyooka, na huumeza mshtuko kabla haujafika mkononi. Kwa Kiingereza cha kale neno la mti huu lilikuwa pia neno la mkuki. Mipini ya shoka na nyundo, makasia, ngazi, fremu za mikokoteni na duara za magurudumu yake, vijiti vya kriketi na vya snuka, vyote ni mfraksino. Kampuni ya Morgan ya Malvern hadi leo huunda mifupa ya bodi za magari yake kwa mbao hizi. Na kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi, jambo ambalo kila bibi wa shamba nchini humo alilijua. Devon na Somerset wana desturi ya kufunga fimbo za mfraksino kuwa mzigo mmoja na kuuchoma mkesha wa Krismasi. Hoteli ya Luttrell Arms mjini Dunster inajulikana kwa kuiendeleza.

Ayalandi ina hurling, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018. Fimbo yake, camán, huchongwa kutoka mita moja na kitu ya chini kabisa ya shina, pale ambapo nyuzi za mti hujipinda kuingia mizizini. Mpindo wa fimbo lazima ufuate mpindo wa nyuzi, la sivyo itapasuka kwa pigo la kwanza. Fundi hachongi umbo analolitaka yeye. Analitafuta umbo lililokwisha kuota ndani ya mti, na lazima aupate mti wa miaka kama 25 hadi 35 wenye mguu unaofaa. Ugonjwa umewalazimisha kuagiza mbao kutoka nje, na wachezaji wengi sasa wameshika fimbo za mwanzi wa kichina na za plastiki. Fimbo hizo zinacheza. Lakini fundi anayechonga mwanzi uliounganishwa kwa gundi kiwandani hana sababu ya kuingia msituni kutazama mguu wa mti, na jicho lile, likikosa kazi kwa kizazi kimoja, halitarithiwa na mtu.

Hapa ndipo naona matembezi mengi yanapokosea njia. Yanauonyesha mpini kama kitu cha makumbusho. Yangemweka fundi mbele, aseme kwa nini mti huu unafaa na ule haufai, watembeaji wangeondoka na kitu kinachozidi kumbukumbu. Katika Bradfield Woods, Suffolk, kuna kisiki cha mfraksino kinachokadiriwa kuwa na miaka 1,000. Msitu huo umekuwa ukikatwa kwa mpangilio tangu angalau 1252, ulipokuwa mali ya abasia ya Bury St Edmunds. Wanakata mashina hadi karibu na ardhi, kisiki kinachipua, wanasubiri miaka, wanakata tena. Mfraksino ulioachwa bila kuguswa ni nadra kufikisha miaka 300. Huu umefika 1,000 kwa sababu watu waliuhitaji na kurudi kwake kila baada ya miaka kadhaa.

Sasa niseme kile ambacho kwa maoni yangu kinayafanya matembezi haya kuwa jambo la maana kuliko burudani ya Jumamosi.

Mifraksino haifi yote. Iliyo michache hubaki na vilele vilivyojaa majani huku jirani zake zikikauka, na uwezo huo unarithiwa. Mwaka 2025 watafiti wa bustani ya Kew na Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London walichapisha matokeo yao kutoka Marden Park, msitu wa Surrey. Walilinganisha vinasaba vya miti mikubwa iliyokuwapo kabla ya ugonjwa na vya miche iliyoota baada yake. Wakakuta kwamba kizazi kipya kimesogea upande wa ustahimilivu. Hakuna jeni moja la ajabu; ni mabadiliko madogo madogo katika maelfu ya sehemu za vinasaba, yakisukumwa na kifo chenyewe. Miche dhaifu imekufa, na iliyobaki ina nguvu kidogo kuliko wazazi wake. Watafiti hawakusema kwamba hilo pekee linatosha kuuokoa mti. Walichoonyesha ni kwamba msitu umeanza kujibu.

Msitu unajibu kwa njia moja tu: miti mingi mama inaachwa imesimama, inazaa mbegu, na mbegu zinapata nafasi ya kuota. Na hilo ndilo linalozuiliwa na hofu yetu. Tangu 2012 wenye mashamba wengi wamekata mifraksino yao yote, mizima kwa migonjwa, wakiwahi kuuza mbao kabla hazijaharibika au wakiogopa kesi iwapo tawi litamwangukia mtu. Wazee wetu walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Anayekata mfraksino wenye kilele kizima katikati ya shamba, mahali ambapo hapiti gari wala mtoto wa shule, ameukata pengine ule mmoja uliobeba jibu.

Najua watanijibu nini, na jibu lao lina uzito. Mfraksino mgonjwa hukauka na kuwa mwepesi kuvunjika kuliko miti mingine. Wakata miti wenye uzoefu hukataa kuukwea, kwa sababu tawi lililoonekana gumu huvunjika ghafla. Kando ya barabara, kwenye uwanja wa shule, juu ya njia ya watembea kwa miguu, mti wa namna hiyo lazima ushuke, na halmashauri inayosita inacheza na maisha ya watu. Nakubali. Ugomvi wangu ni juu ya mifraksino mingine yote, iliyo mabondeni, kwenye ua za mashamba, katikati ya misitu, ambayo hukatwa kwa sababu hakuna aliyeitazama vya kutosha kusema iachwe. Hata miongozo rasmi ya misitu inashauri kubakiza miti yenye afya. Ushauri huo haufanyi kazi bila macho, na wataalamu wa serikali hawatoshi kutazama mti mmoja mmoja nchi nzima.

Watembeaji wanatosha. Ndiyo maana nasema matembezi ya majira ya baridi, pamoja na uzuri wa chipukizi lake jeusi, hayatoshi. Afya ya mfraksino husomwa kileleni, mti ukiwa na majani yote, yaani Juni hadi Agosti. Mapema mno unadanganyika, maana huu ni mti unaochelewa kuchipua; Mei mwaloni umekwisha kuvaa na mfraksino bado uko uchi, mpaka wenyeji wakatunga methali ya mvua kwa kutazama ni upi utatangulia. Ukichelewa hadi Oktoba unadanganyika tena, kwa kuwa hupukutisha mapema, majani yakiwa bado ya kijani. Kwa hiyo matembezi yanayofaa ni ya Julai, kwenye miti ileile, mwaka baada ya mwaka. Kundi linasimama, linakadiria sehemu ya kilele iliyobaki na majani, linapiga picha kutoka mahali palepale, linaandika, linaendelea na hadithi zake. Baada ya miaka mitano kijiji kinajua mti upi unashuka na upi umesimama. Mwenye shamba akija na msumeno kuna mtu wa kumwambia kwa ushahidi: huu tuachie.

Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini wametangulia katika jambo hili, na sijaona matembezi ya Ulaya yakiwataja vya kutosha. Wawabanaki wa Maine na nchi jirani, Wamohawk wa Akwesasne na Waanishinaabe wa Maziwa Makuu husuka vikapu kwa mfraksino mweusi. Gogo hupigwa kwa nyundo urefu mzima hadi pete za mwaka mmoja mmoja zinaachana na kubanduka kama kanda, kisha kanda hulainishwa na kusukwa. Wawabanaki husimulia kwamba watu wao walitoka ndani ya mti huo. Adui wa kwao si kuvu bali mdudu, mbawakawa wa kijani king'aacho kutoka Asia, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na ambaye amekwisha kuua mamilioni kwa mamilioni ya miti. Mabuu yake huchimba njia chini ya gome na kuukata mti chakula. Wasukaji hawakungoja mti uishe ndipo wauenzi. Wamekuwa wakikusanya mbegu na kuzihifadhi, wakiongozwa na watu ambao tangu utoto wamefundishwa kuuchagua mti kwa kuusoma gome lake, kwa sababu si kila mfraksino mweusi hutoa kanda nzuri. Wanaojua kuchagua ndio waliojua pia cha kuokoa.

Uingereza nayo imefanya ya kwake katika upande wa mbegu, na inastahili kusifiwa. Mradi wa kitaifa wa kukusanya mbegu za miti ulipoanza mwaka 2013, chini ya hazina ya mbegu ya Kew huko Wakehurst, mfraksino ndio uliotangulizwa. Mwaka 2020 ilipandwa hifadhi huko Hampshire yenye miti ipatayo 3,000 iliyotokana na vitawi vya miti iliyoonyesha ustahimilivu. Vitawi hivyo havikuokotwa na mashine. Kuna watu waliotembea, wakauona mti mmoja wa kijani kati ya mifu, wakatoa taarifa.

Katika eneo la milima ya Snowdonia, Wales, mwaka 1977 mchongaji David Nash alipanda mifraksino 22 kwa duara na kuilaza, kuipinda na kuipandikiza kwa miaka mingi hadi ikawa kuba hai. Mahali penyewe hakupatangaza kwa umma ili pasikanyagwe. Ugonjwa ulipofika aliamua kutoing'oa. Miti inakufa pale pale ilipokua, na kuizunguka amepanda duara jingine, la mialoni, ambalo hatakuwapo kuliona likikamilika.

Mimi nina mfraksino mmoja ninaokwenda kuutazama, kando ya njia ya mfereji, mwendo wa dakika 20 kutoka nyumbani kwangu kaskazini mwa Uingereza. Upande wa kusini wa kilele umebaki vijiti. Upande wa kaskazini, Julai iliyopita, ulikuwa umejaa, na funguo zimening'inia kwa mafungu. Mbegu ya mfraksino haioti mwaka inaoanguka. Hulala ardhini kipupwe cha kwanza, hulala kiangazi kizima, hulala tena kipupwe cha pili, ndipo ichipue. Zilizoanguka mwaka juzi zimechipua majira haya, nne karibu na mizizi na moja ndani ya ufa wa ukuta wa mfereji. Nimezipiga picha, na nimemwandikia mwenye shamba kumwomba asizifyeke.